Mifuniko ya sitaha inayovuja: tafuta tundu kabla ya kuziba

Ukipita katikati ya boti za faiba zilizofungwa kwenye maboya Msasani, Dar es Salaam, au zilizokaa mchangani Kunduchi maji yakiwa yamekupwa, zile za zamani utazitambua kwa silikoni. Imepakwa kuzunguka mifuniko ya sitaha tabaka juu ya tabaka, nyeupe juu ya nyeusi, nyingine imeshika vumbi mpaka imekuwa rangi ya udongo. Shuka ndani: godoro limelowa, plaiwudi ya dari imevimba, na kwenye chumba cha mashine kuna kutu pale maji yanapodondokea alteneta kila mvua ikinyesha. Silikoni haina kosa. Imepakwa tu mahali ambapo hapakuwa panavuja.

Kujua maji yanaingilia wapi ndiyo kazi yenyewe. Kuziba kunafuata, na mtu mwenye mikono mitulivu, bisibisi na subira anaweza kuifanya bila kumlipa fundi.

Wakati wa kuifanya

Unahitaji siku kadhaa mfululizo bila mvua, kwa hiyo masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba yaache yapite. Inabaki Januari na Februari, au kipindi cha upepo wa kusi kuanzia Juni. Mimi ningechagua Julai au Agosti. Jua la Januari linafanya sitaha iunguze magoti, na epoksi, ile gundi ya kuchanganya na kigandishaji, inagandia kwenye kopo kabla hujaipaka. Julai kuna upepo, sawa, lakini unafanya kazi bila kukimbizana na gundi, sitaha imepata wiki kadhaa za kukauka, na madoa ya masika bado yapo ndani yakikuonyesha pa kuanzia.

Maji yanaingilia wapi

Mfuniko wa kawaida una fremu iliyofungwa kwenye sitaha, mfuniko wenyewe wenye kioo cha plastiki, gasketi ya mpira kati ya hivyo viwili, bawaba na makomeo. Maji yanaweza kupita kwenye gasketi, pembeni mwa kioo, chini ya fremu, kwenye matundu ya skrubu, au kwenye mhimili wa komeo ambao oringi yake, yaani pete yake ya mpira, imekwisha. Yanaweza pia kuwa hayahusiani na mfuniko kabisa. Sitaha nyingi za faiba ni tabaka mbili zenye balsa (mbao nyepesi sana) au plaiwudi katikati. Maji yakipenya kwenye bolti ya nguzo ya reli, au ya chuma cha kufungia kamba, yanatambaa ndani ya sitaha na kutokea penye uwazi wa kwanza, ambao mara nyingi ni ukingo wa mfuniko. Ukiona tone linaning'inia hapo, usiamini kwamba ndipo lilipoingilia.

Basi onja kwanza. Chovya kidole kwenye maji yaliyotuama chini ya mfuniko. Ladha ya chumvi haithibitishi sana, kwa kuwa mvua nayo huyeyusha chumvi iliyokauka njiani. Lakini maji yasiyo na chumvi kabisa, kwenye boti ambayo haijaoshwa, ni ya mvua au ni jasho. Jasho lina dalili yake: asubuhi fremu ya alumini imejaa vitone upande wa ndani pande zote sawasawa, na usiku hakukuwa na mvua. Hilo haliponi kwa gundi. Linataka hewa ipite ndani.

Kama si jasho, fanya jaribio la mpira wa maji. Toa godoro na ubao wa dari unaozunguka mfuniko ili uone upande wa chini wa sitaha. Kausha kila kitu, kisha nyunyiza poda ya mtoto kuzunguka ukingo wa ndani. Maji yakipita yataacha mstari wazi kwenye poda. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Wewe juu, toa kichwa cha mpira, acha maji yatiririke polepole. Anzia kwenye sitaha, upande wa chini kabisa wa mfuniko, na usiguse fremu. Subiri dakika tano. Hakuna kitu? Panda kwenye mshono wa fremu na sitaha. Dakika tano tena. Kisha vichwa vya skrubu, kisha pembe za kioo, na mwisho gasketi. Ukianzia juu utalowesha vyote kwa pamoja na hutajua lolote. Mwenzako akiita "Tone, hapa!", funga maji papo hapo, naye aweke alama ya penseli kabla tone la pili halijamchanganya.

Usitumie ile mashine ya presha ya kuoshea magari. Inapenyeza maji hata kwenye gasketi nzima, nawe utaanza kutibu kisicho na ugonjwa.

Kuna uvujaji mmoja unaosumbua sana huku kwetu kwa sababu ya maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na boti iliyo karibu na ufuko inakaa mchangani imelala ubavu mara mbili kwa siku. Mifereji ya mifuniko ilitengenezwa kutoa maji boti ikiwa imesimama sawa. Ikilala, maji ya mvua yanajikusanya kwenye kona isiyo na tundu na kufurika kuingia ndani. Ukiona boti yako inavuja ikiwa mchangani tu, na ikielea haivuji, lilaze jaribio lako vilevile: lifanye maji yakiwa yamekupwa. Dawa inaweza kuwa tundu moja la ziada kwenye kona hiyo, au kuhamisha boya kwenda kwenye kina.

Mifereji kabla ya mpira

Mifuniko mikubwa iliyo sakafuni, juu ya injini na sehemu za kuwekea samaki, haikuundwa izuie maji kwa mpira peke yake. Kuna mfereji unaouzunguka mlango, na mfereji una tundu na bomba dogo la kupeleka maji nje. Mpira ni msaada wa pili. Mfereji ukiziba, maji yanasimama juu ya gasketi, na hakuna gasketi ya miaka ishirini inayovumilia hilo.

Zibua kwa kipande cha mshipi mnene wa nailoni au tai ya plastiki ya kufungia waya, si kwa spoku ya baiskeli inayotoboa bomba. Utatoa mchanga ambao abiria wameuleta na miguu kutoka kisiwa cha Mbudya, magamba ya samaki, na vipande vya chambo. Kisha mimina kopo la maji na uangalie yanatokea wapi. Yakitokea nje ya boti, vizuri. Yakitokea kwenye chumba cha mashine, bomba limepasuka au limechomoka, na pengine umemaliza utafiti wako hapo hapo. Tundu lenye kipenyo cha milimita 6 huzibwa na gamba moja. Kama mfereji una nafasi, lipanue hadi 12, na upake epoksi kwenye kingo zilizokatwa ili maji yasiingie kwenye mbao ya ndani.

Gasketi

Kata ukanda wa gazeti, funga mfuniko juu yake, uvute. Ukitoka kwa kukaza, mpira unabana. Ukiteleza, haubani. Zunguka mfuniko mzima hivyo, kila upana wa kiganja. Njia nyingine ni kupaka chaki kwenye mdomo wa fremu, kufunga na kufungua: mstari wa chaki kwenye mpira unapaswa kuwa mzima bila kukatika.

Kabla ya kulaumu mpira, kaza makomeo. Mengi yana nati ya kurekebisha chini, na kwa miaka ya kufunga na kufungua yanalegea. Bawaba zilizolegea huinua upande wa nyuma. Mara nyingine robo mzunguko wa spana ndiyo tiba nzima.

Mpira uliobonyea ukabaki na alama ya fremu, au uliogeuka mgumu kama kwato, ubadilishe. Kama mfuniko ni wa kampuni inayojulikana, mathalani Lewmar ya Uingereza au Vetus ya Uholanzi, pima vipimo vya nje na uagize gasketi ya modeli hiyo. Kama hauna jina, kata sentimita tano za mpira wa zamani kutoka sehemu isiyobonyea, karibu na kona, uende nazo kwenye maduka ya spea za magari Gerezani au Ilala. Unatafuta mpira wa sponji ambao matundu yake hayapitishi maji. Ukate kipande, ukichovye majini, ukikamue: kama kinatoa maji, rudisha. Angalia pia usiuchukue mnene kuliko wa zamani kwa kudhani utabana zaidi. Mpira mnene unazuia upande wa bawaba kushuka, na ukilazimisha komeo, fremu inapinda na kioo kinapasuka.

Ng'oa mpira wa zamani, kwangua gundi kwa kabari ya mbao au plastiki, safisha kwa spiriti. Asetoni iweke mbali na kioo, nitaeleza. Unapobandika mpira mpya usiuvute hata kidogo. Mpira uliovutwa hurudi wenyewe usiku, na asubuhi kuna pengo kwenye maungio. Kata ukiwa mrefu kidogo, milimita chache tu, uusukume uingie. Maungio yawe katikati ya upande ulionyooka, upande wa bawaba, kamwe yasiwe kwenye kona, na ncha mbili zigundishwe kwa gundi ya mpira.

Kioo

Vioo vingi ni vya akriliki. Jua la Dar es Salaam halivionei huruma: vinajaa nyufa ndogo kama utando, na mwishowe vinapasuka kwenye tundu la skrubu. Nyufa za juu juu hazivujishi, lakini nyufa zinazoshika kucha zinamaanisha kioo kibadilishwe. Mafundi wa mabango wana mabamba ya akriliki na watakukatia. Unene uwe uleule wa mwanzo au zaidi, kwa sababu watu watakanyaga hapo hata ukiwakataza.

Kinachovujisha zaidi ni mshono wa kioo na fremu. Akriliki hutanuka kwa takriban milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Kioo cha sentimita 60 kikitoka nyuzi 25 alfajiri hadi 65 adhuhuri kitakuwa kimeongezeka karibu milimita 1.7. Faiba na alumini hazitanuki hivyo. Ukikibana kioo bila nafasi, kitajipasua au kitaikata gundi. Acha milimita 2 hadi 3 pande zote, na chini ya kioo weka vipande vidogo vya mpira wa milimita 3 ili gundi isikamuliwe yote nje.

Gundi hapo ni silikoni, ndiyo, ile ile iliyopakwa ovyo hapo juu, lakini ile isiyonuka siki. Yenye harufu ya siki inakula alumini. Poliyurethani ya kawaida haishiki vizuri kwenye plastiki bila dawa ya awali inayoilinda na jua, na gundi ya polisalfaidi inaidhuru akriliki hadi inapasuka. Asetoni na thina vinafanya hivyohivyo, wakati mwingine siku kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau. Safisha kwa maji ya sabuni laini tu, ukaushe vizuri.

Fremu: kazi kubwa

Kama jaribio lilionyesha maji yanapita chini ya fremu, usipake chochote pembeni. Gundi iliyopakwa nje inashika kwa ukingo mwembamba, sitaha ikijikunja na wimbi la kwanza inaachia, na maji yaliyokwisha kuingia yanakosa pa kutokea. Fremu lazima itoke.

Kama boti inatumia petroli, kwanza tenganisha betri na ufungue chumba cha injini kipate hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini kusubiri cheche ya drili yako.

Toa skrubu zote na uziweke kwa mpangilio wa matundu yake. Bolti za stenlesi kwenye fremu ya alumini huwa zimeshikana. Ule unga mweupe unaouona ni alumini inayoliwa. Loweka mafuta ya kulegeza kutu usiku mmoja, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, kisha fungua ukiirudisha mbele na nyuma. Skrubu zikitoka fremu bado haitoki. Usiikwatue kwa bisibisi, utapasua rangi ngumu ya sitaha. Chukua mshipi imara wa kuvulia samaki, ufunge kijiti kila ncha, uupitishe chini ya kona na ukate gundi ya zamani kama unayekata kwa msumeno, ukifuatisha na kabari nyembamba za mbao. Kazi ya polepole. Mshipi ukikatika, badilisha uendelee.

Sasa chunguza mbao. Gonga sitaha kuzunguka tundu kwa mpini wa bisibisi: mlio mkali ni uzima, mlio mfu ni unyevu au uozo. Chokoa kwenye ukingo uliokatwa. Mbao nyeusi inayotoka kama kahawa iliyochujwa ikwangue yote mpaka ufikie ngumu. Ikiwa uozo unaenda zaidi ya shubiri moja, hapo umefika kwenye kazi ya fundi wa faiba, na ni heri kumwita kuliko kufunika.

Ukikuta uozo mdogo, acha sehemu hiyo wazi ikauke, mchana wazi na usiku ikifunikwa kwa turubai. Usiharakishe: epoksi juu ya mbao yenye maji ni rangi tu. Ikishakauka, paka epoksi nyepesi inyonywe, kisha jaza kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa kujazia hadi iwe nzito. Kila tundu la bolti la milimita 6 lipanue hadi 12, ziba chini kwa utepe, jaza epoksi, na ikishaganda toboa upya milimita 6 katikati. Hata siku gundi ya juu ikifeli, maji yatakutana na epoksi, si na mbao. Kwa joto letu tumia kigandishaji cha polepole, fanya asubuhi mapema, changanya kidogo kidogo, na umimine kwenye sinia bapa badala ya kuacha kwenye kopo. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, muda wa kufanyia kazi unapungua karibu nusu. Ikishaganda inaweza kutoa utelezi kama nta kwa sababu ya unyevu wa hewa. Uoshe kwa maji na dodoki kabla ya kupiga msasa.

Halafu weka fremu bila gundi, uone kama inakaa. Bonyeza kona moja; kona ya pili ikiinuka, sitaha si tambarare. Ukiikaza hivyo fremu itapinda, na gasketi mpya haitabana kamwe. Inua sehemu zilizobonyea kwa epoksi nzito, upige msasa mpaka fremu itulie.

Gundi ya kufungia fremu ni ama poliyurethani ya boti, kama Sikaflex-291i, au utepe wa butili, mpira laini unaonata. Napendelea butili kwa fremu ya bolti, kwa kuwa haigandi, inajifinya ikifuata mwendo wa sitaha, na miaka kumi ijayo fremu itatoka bila vita. Petroli na dizeli huiyeyusha, kwa hiyo isitumike karibu na mdomo wa tangi. Ile gundi ya vioo vya magari ni poliyurethani pia na inashika sana, sana mno: kuitoa ni kuvunja. Kama zamani palipakwa silikoni, kwangua na upige msasa hadi chini kabisa, maana hakuna kinachoshika juu ya mabaki yake, hata silikoni nyingine.

Panua midomo ya matundu ya skrubu kidogo kwa kichwa cha drili kikubwa ili gundi ipate kibonde cha kukaa, iwe kama oringi shingoni mwa bolti. Bandika utepe wa karatasi pembeni. Zungusha gundi ndani na nje ya mstari wa matundu, shusha fremu wima bila kuiburuta, kaza kwa kupokezana kona zinazotazamana. Ukiona gundi imechungulia pande zote, acha. Ukikaza zaidi unaikamua yote. Zuia kichwa cha bolti kisizunguke, zungusha nati ya ndani. Poliyurethani hukauka takriban milimita 3 kwa siku kutoka nje kwenda ndani, na unyevu wa Dar unaisaidia. Iache siku nne kabla ya kuimwagia maji. Butili unaweza kuijaribu siku hiyohiyo, lakini ikaze tena kidogo baada ya mchana wa jua, na tena siku mbili tatu baadaye.

Kisha rudia jaribio la mpira wa maji, kwa utaratibu uleule wa kuanzia chini.

Mengineyo

Vifuniko vidogo vya duara vya kuzungusha, vile vya kukagulia tangi, vina oringi moja tu. Itoe, futa mchanga kwenye mfereji wake, paka grisi ya silikoni. Vaselini huweza kuivimbisha, kutegemea aina ya mpira.

Mfuniko wa mbele usiuzibe kwa gundi hata kama hauutumii. Moto ukiwaka kwenye injini ndiyo njia ya kutokea.

Osha gasketi kwa maji yasiyo na chumvi kila boti ikirudi, maana chembe za chumvi zinazikata, na funika vioo kwa turubai boti ikiwa kwenye boya. Ikipandishwa nchi kavu chini ya paa, legeza makomeo yote: mpira uliobanwa muda mrefu mfululizo haurudi vizuri.